GOTI LA MKIMBIAJI NA GOTI LA MFANYAKAZI NI GOTI MOJA

Safari hii hatuandiki juu ya mshahara, wala likizo, wala mikataba ya vibarua. Tunaandika juu ya goti. Wako watakaosema kwamba goti si jambo la chama, ni jambo la daktari. Sisi twasema ni jambo la chama kabisa. Mfanyakazi hana duka, hana nyumba za kupangisha, hana lori. Mali yake ni mwili wake, na mwili huo unasimama juu ya magoti mawili. Likiharibika moja, mpakiaji hapakii, mchuma chai hapandi mlima, na mwisho wa mwezi bahasha inakuwa nyepesi.

Neno hili limeanzia Nengo. Anayeujua mji wa Gisenyi anajua kwamba pale kando ya Ziwa Kivu ndipo watu wanapokimbilia. Barabara ya ziwani ni tambarare, ina miti, na upepo wa asubuhi ni mzuri. Kila Jumapili utawaona vijana na wazee, wanaume kwa wanawake, wakikimbia kwa makundi huku wakiimba. Miongoni mwao wako wenzetu wengi: wa viwandani, wa mashamba ya chai upande wa Pfunda, walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli. Ni jambo jema, nasi tunalisifu. Mtu aliyefungiwa wiki nzima ndani ya kelele za mashine anastahili kuvuta hewa.

Lakini kwa muda sasa, makundi yanapomaliza kukimbia na watu kukaa chini kupumzika, mazungumzo yamekuwa ni hayo hayo: goti, goti, goti. Ndiyo maana tukaona tulichunguze jambo hili, tuwaletee wasomaji.

HABARI ILIVYOKUWA

Katika kiwanda kimoja, ambacho hatutakitaja jina, uongozi ulitangaza mbio za wafanyakazi za kilomita 10 kwa ajili ya sikukuu ya Mei Mosi. Zawadi ilikuwa nzuri. Ila tangazo lilibandikwa wiki nne tu kabla ya siku yenyewe. Watu ambao hawakuwa wamekimbia tangu walipoacha shule wakaanza kukimbia kila siku. Wengine walikuwa wakishusha na kupandisha kreti zamu nzima, halafu jioni wanateremka Nengo, wanakimbia kilomita 6, na kurudi nyumbani kwa miguu, mlimani.

Wiki ya tatu wakaanza kuchechemea. Maumivu yalikuwa mbele ya goti, kuzunguka ile pia. Yalizidi mtu akishuka mteremko au ngazi, akichuchumaa, na akiinuka baada ya kukaa muda mrefu.

Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Wa kwanza alisema ni baridi ya ziwani. Wa pili alisema ni njia za mawe ya makoro. Walio wengi walisema ni viatu. Mwenzetu mmoja, mpakiaji, alikuja kwetu kuomba mkopo katika mfuko wa kusaidiana ili anunue viatu vya mbio, vipya, vya dukani. Bei aliyotaja ilipita mshahara wake wa mwezi.

"Ndugu zangu," alituambia, "nisipopata viatu hivi goti langu limekwisha."

Tulimwomba angoje kidogo. Si kwa ubahili. Fedha ya mfuko ni jasho la watu, na sisi tulitaka kujua kwanza kama kweli viatu vile vitaliponya goti. Tukauliza wauguzi, tukauliza wanaofundisha mbio, tukasomewa yaliyoandikwa na watafiti. Haya ndiyo tuliyoyapata.

GOTI LINAVYOBEBA

Goti ni bawaba. Mfupa wa paja unakutana na mfupa wa muundi, na mbele yao kuna kifupa cha mviringo, ndiyo pia ya goti. Pia hiyo inateleza katika mfereji juu ya mfupa wa paja, kama kamba inavyopita katika roda. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayoivuta. Kadiri goti linavyokunjika huku limebeba uzito, ndivyo pia inavyokandamizwa zaidi kwenye mfupa. Ndiyo sababu kushuka mlima kunauma kuliko kutembea mahali tambarare.

Mtu anayetembea ana mguu mmoja chini wakati wote. Anayekimbia anaruka: miguu yote inaacha ardhi, kisha mguu mmoja unaupokea mwili mzima. Nguvu inayorudishwa na ardhi hufika mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 anapokea kama kilo 120 hadi 180 kwa kila hatua. Kilomita moja ya mwendo wa kawaida ni hatua kama 1,000. Basi aliyekimbia kilomita 6 ametua mara 6,000, yaani mara 3,000 kwa kila goti.

Hesabu hii isimtishe mtu. Mwili si chuma. Chuma kikitumika kinalika. Mwili ukitumika kwa kiasi na kupumzishwa, unajenga nguvu. Mwaka 2017 watafiti walikusanya uchunguzi mwingi uliofanywa juu ya wakimbiaji na kutazama ni wangapi wana ugonjwa wa kulika kwa maungio ya goti na nyonga. Kwa wanaokimbia kwa kujipatia afya walikuwa asilimia 3.5. Kwa wasiokimbia kabisa walikuwa asilimia 10.2. Kwa wale wa mashindano makubwa walikuwa asilimia 13.3. Kwa hiyo tusimwambie mtu aache kukimbia ili aokoe magoti. Kukimbia kwa kiasi hakukuonekana kula goti.

Kinacholiuma goti la mkimbiaji, mara nyingi, si kitu kilichovunjika. Ni goti lililopewa kazi kubwa kuliko iliyozoewa, tena kwa ghafla. Wazee walisema mwenda pole hajikwai.

JUU YA VIATU

Katika habari za mbio na viatu, hakuna Mwafrika anayetajwa zaidi ya Abebe Bikila wa Ethiopia. Tarehe 10 Septemba 1960, mjini Roma, alikimbia maratoni ya Olimpiki bila viatu, kilomita 42 na zaidi, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Hakuna aliyekuwa amekimbia maratoni upesi kuliko hapo.

Wako waliochukua habari hiyo wakasema viatu havina maana, tukimbie peku. Lakini mwaka 1964, mjini Tokyo, Bikila huyo huyo alivaa viatu, akashinda tena, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Basi lipi ni kweli? Funzo ni kwamba kule Roma viatu alivyopewa havikumkaa vizuri miguuni, naye akavikataa. Alipopata vinavyomkaa, akavivaa.

Watafiti wa siku hizi wamefika karibu na hapo hapo. Katika uchunguzi uliotolewa kati ya 2009 na 2010, huko Marekani, askari wapya waligawanywa. Wengine walipewa viatu vya mbio vilivyochaguliwa kufuata umbo la unyayo, kama wauzaji wanavyoshauri: unyayo bapa kiatu hiki, unyayo wa upinde kiatu kile. Wengine wote walipewa kiatu cha aina moja. Mwisho wa mafunzo, kuumia kulikuwa karibu sawasawa. Mwaka 2022 wataalamu walipima majaribio 12 yaliyokuwa na wakimbiaji zaidi ya 10,000. Hawakupata uthibitisho wa nguvu kwamba aina fulani ya kiatu cha mbio inamkinga mtu asiumie kuliko aina nyingine.

Hatusemi kwamba kiatu si kitu. Katika jaribio moja la wakimbiaji 848, lililotolewa mwaka 2020, waliopewa soli ngumu waliumia zaidi kuliko waliopewa soli laini. Kwa hiyo raba iliyokauka ikawa kama ubao si ya kukimbilia. Wala buti za mpira si za kukimbilia, wala kandambili, ambazo mtu hulazimika kuzishika kwa vidole zisichomoke. Tunachosema ni hiki: bei haiponyi goti. Mshahara wa mwezi mzima ukiingia katika kiatu, na watoto wakakosa sare za shule, goti litauma vile vile kama mwendo na kiasi havikubadilika.

Tunajua pia kwamba wengi wetu tunanunua sokoni viatu vilivyokwisha kuvaliwa, na tangu Serikali ya Rwanda ilipopandisha ushuru wa nguo na viatu vya mitumba mwaka 2016 hata hivyo si vya bei rahisi tena. Basi mtu anunue kwa macho. Aende jioni, kwa maana miguu huvimba kidogo mchana. Avae vyote viwili, si kimoja, tena na soksi. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kisigino kisichomoke. Akiweke kiatu mezani akitazame kwa nyuma: kama soli imelika upande mmoja na kiatu kimelala, akiache, kwa sababu kimekwisha kufuata mguu wa mtu mwingine. Mwisho atembee, aruke kidogo, ausikilize mguu wake. Kiatu kinachoudhi sokoni hakitapendeza barabarani.

MGUU UNAVYOTUA

Jambo la pili ni mwendo wenyewe. Mwaka 2010 mtaalamu Daniel Lieberman na wenzake walitoa uchunguzi walioufanya pia huko Kenya, katika Bonde la Ufa. Waliona kwamba wakimbiaji waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na wenye viatu vinene vya kisigino hutua kwa kisigino. Anayetua kwa mbele hapati kile kishindo cha ghafla anachopata anayegonga kisigino ardhini.

Baada ya hapo watu wengi duniani walianza kuhubiri: wote tutue kwa mbele! Lakini mwaka 2013 watafiti wengine walikwenda kaskazini ya Kenya, kwa Wadaasanach, watu wanaokaa karibu na Ziwa Turkana na waliozoea kwenda peku maisha yao yote. Walipowaacha wakimbie kwa mwendo wao wenyewe, asilimia 72 walitua kwa kisigino. Kumbe hata wenye kukimbia peku hawana sheria moja. Mwendo hubadilika na kasi, na ardhi, na mazoea ya mtu.

Tena kuna jambo ambalo mpakiaji yeyote analijua: mzigo haupotei, unahama. Ukiuondoa mabegani, unakwenda kichwani. Anayetua kwa mbele hulipunguzia goti, lakini huuongezea mzigo shavu la mguu na ule ukano wa kisigino. Mtu akibadilisha kwa siku moja, goti litanyamaza na kisigino kitaanza kulia. Kwa hiyo hatumwambii mtu yeyote abadilishe kutua kwake kwa haraka.

Liko badiliko jepesi zaidi, ambalo halina bei: hatua fupi. Mwaka 2011 watafiti wa Wisconsin, Marekani, waliwapima wakimbiaji na kuona kwamba mtu akiongeza idadi ya hatua kwa asilimia 5 au 10, bila kuongeza kasi, mzigo wa goti unapungua. Sababu yake si ngumu. Mwenye hatua ndefu huutupa mguu mbali mbele yake, goti limenyooka, na kila hatua inakuwa kama breki. Mwenye hatua fupi hutua karibu chini ya mwili wake, goti limekunjika kidogo, na mwili haupandi na kushuka sana.

Namna ya kujipima ni hii. Ukiwa unakimbia, hesabu mguu wa kulia tu kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 4. Ukipata 38, hatua zako ni 152 kwa dakika. Ongeza asilimia 5, ziwe kama 160. Yaani mguu wa kulia ufike 40 kwa sekunde 30. Ni mbili tu za kuongeza. Makundi yetu ya Nengo yana bahati, kwa sababu yanakimbia kwa wimbo. Mwimbishaji auharakishe wimbo kidogo, na kundi zima litafupisha hatua bila saa wala mwalimu. Na tusikilize miguu. Mguu unaopiga "pa! pa!" barabarani unapigana na ardhi.

HESABU NI MOJA

Sasa tunafika kwenye kiini cha jambo. Mwaka 2017, huko Kanada, watafiti waliwachukua wakimbiaji 69 wenye maumivu haya haya ya mbele ya goti, wakawagawa makundi matatu. Kundi la kwanza lilifundishwa tu namna ya kupima kiasi cha kukimbia. La pili lilifundishwa hivyo, likaongezewa mazoezi ya nguvu. La tatu lilifundishwa hivyo, likaongezewa kubadilisha mwendo. Wote walipata nafuu, na nafuu ilikuwa karibu sawa. Kitu walichokuwa nacho wote ni kimoja: kiasi.

Walifundishwa nini juu ya kiasi? Kukimbia kidogo kidogo lakini mara kwa mara. Kuacha kwanza miteremko na kasi. Kukubali maumivu madogo tu, yasizidi 2 kama tukiyapima kutoka 0 mpaka 10, na yawe yamerudi kama yalivyokuwa katika muda wa saa moja baada ya kumaliza. Yakizidi hapo, safari inayofuata mtu apunguze.

Wale wa Kanada walihesabu kilomita. Sisi, ndugu zetu, tuhesabu kilomita pamoja na kreti. Goti halijui ni hatua ipi ya michezo na ni hatua ipi ya kazi. Halina daftari mbili. Aliyeinua mizigo zamu nzima, aliyepanda na kushuka ngazi za ghala mara mia, huyo jioni hafiki Nengo na goti jipya. Anafika na goti lililokwisha kukimbia. Akiongeza kilomita 6 juu yake, kila siku, bila mapumziko, hata viatu vya bei gani havitamsaidia.

Basi turudi kwa yule mpakiaji. Hakuchukua mkopo wa viatu. Alinunua sokoni raba zilizomkaa vizuri, kwa sehemu ndogo ya ile bei. Alikimbia siku tatu kwa wiki, kilomita 2, akaongeza polepole. Siku za zamu nzito hakukimbia. Akafupisha hatua. Kila jioni alifanya zoezi la kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika kwa mikono, ili kutia nguvu mapaja. Mbio za Mei Mosi hakukimbia. Alisimama kando ya njia akigawa maji. Leo anakimbia barabara yote ya ziwani na kurudi, na zamu yake anaimaliza.

Nasi wa chama tulikwenda kwa uongozi tukasema: mbio ni nzuri, lakini wiki nne hazitoshi kwa watu wanaobeba mizigo. Tulikubaliana kwamba mbio zitangazwe miezi mitatu kabla, na pawe na safari ya kilomita 5 kwa wasiozoea.

MAMA WA CHAI

Habari hii tuliieleza katika mkutano wa wanachama. Tulipomaliza, mama mmoja mchuma chai akasimama.

"Ndugu zangu wa chama," alisema, "nimesikia habari za wakimbiaji. Mimi sijakimbia tangu nilipokuwa mtoto. Mbona goti langu ni bovu kuliko la hao vijana?"

Watu walicheka. Halafu wakanyamaza, kwa sababu wengi walikuwa na swali hilo hilo.

Tukamuuliza kazi yake ilivyo. Anateremka mlima na kapu la chai mgongoni mpaka penye mzani, katika matope, mara kadhaa kwa siku. Siku za palizi anachuchumaa kwa saa nyingi. Buti zake za mpira ni za mwanamume, kubwa kuliko mguu wake kwa namba mbili, kwa kuwa ghalani kulikuwa na hizo tu. Mguu unateleza ndani ya buti. Vidole vinakaza kushika. Kila anaposhuka, goti ndilo breki.

Tazameni sasa: mteremko, mzigo, kiatu kisichokaa, wala hakuna mapumziko. Ni mambo yale yale yanayomwumiza mkimbiaji. Tofauti ni moja. Mkimbiaji akiumwa anaweza kupunguza kilomita. Mama huyu analipwa kwa kilo. Akipunguza, anapunguza chakula cha watoto.

Na hili si jambo la kuombea huruma. Shirika la Kazi Duniani lina orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi, iliyosahihishwa mwaka 2010. Katika orodha hiyo magoti yamo: yamo madhara ya gegedu za ndani ya goti kwa anayefanya kazi muda mrefu amepiga magoti au amechuchumaa, na umo uvimbe wa mbele ya pia kwa anayepiga magoti. Ujerumani tangu mwaka 2009 inatambua kulika kwa goti kuwa ugonjwa wa kazi kwa mtu aliyefanya kazi za kupiga magoti au za namna hiyo kwa saa 13,000 katika maisha yake. Anayepiga magoti saa 2 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, huzifikia baada ya miaka kama 22. Tusisahau kwamba saa hizo zinahesabika kwa sababu kuna kumbukumbu. Pasipo kumbukumbu, goti bovu huitwa uzee.

Hapa Rwanda, sheria ya kazi Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inamtaka mwajiri aangalie afya na usalama wa wafanyakazi wake. Bima ya ajali na magonjwa ya kazi ipo katika mfuko wa jamii, na mchango wake unalipwa na mwajiri. Na Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, katika kifungu cha 21, unasema kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Buti inayokaa mguuni ni usalama. Haipasi kuwa zawadi ya bwana kapita.

TUFANYEJE?

Kwa mkimbiaji tunasema hivi:

1. Anza na kidogo. Kimbia dakika chache, tembea dakika chache. Siku tatu kwa wiki zinatosha kwa anayefanya kazi ya mikono.

2. Ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukiongeza kilomita, usiongeze kasi. Ukiongeza mlima, usiongeze kilomita.

3. Siku ya kazi nzito iwe siku ya kupumzisha goti.

4. Fupisha hatua, tua kwa upole, usitupe mguu mbele.

5. Tia nguvu mapaja na nyonga: kaa na inuka kitini mara 10, pumzika, rudia. Lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka, mara 10 kila upande.

6. Kiatu kikukae vizuri, soli isiwe imekufa. Usikope kwa ajili ya jina la kiatu.

7. Usimeze dawa ya maumivu ili upate kukimbia. Maumivu ni kengele. Ukiziba masikio, moto hauzimiki.

Goti likivimba, likikwama lisikunjuke, likilegea ghafla ukiwa umesimama, likiwa la moto na una homa, au ukishindwa kulikanyagia baada ya kuanguka, hayo si ya kungoja. Chukua kadi yako ya mituweli au ya bima ya kazini, uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama uliumia kazini, mwambie msimamizi mbele ya shahidi, iandikwe katika daftari ya ajali kabla hujatoka.

Kwa wajumbe wa wafanyakazi viwandani na mashambani tunasema hivi:

1. Pimeni namba za miguu ya wafanyakazi wote, wanawake kwa wanaume, mkabidhi orodha ghalani kabla buti hazijaagizwa.

2. Daini njia za kushukia zikatwe ngazi au zimwagiwe changarawe, na penye mzani pasogezwe karibu na wachumaji.

3. Daini zamu za kubadilishana, asiwe mtu mmoja anachuchumaa au kupakia kutwa nzima.

4. Andikeni kila goti linaloumwa: kazi gani, saa ngapi kwa siku, tangu mwaka gani. Daftari ya kurasa 100 inatosha kuanzia.

Yule mama wa chai amekwisha kupewa buti za namba yake, na njia ya kwenda mzanini imekatwa ngazi. Goti lake bado linamsumbua siku za mvua, kwa maana miaka mingi haiponi kwa mwezi mmoja. Lakini wachumaji wapya walioanza msimu huu wameanza na buti zinazowakaa.

Ndugu wafanyakazi, tukutane Nengo Jumapili. Tukimbie polepole, kwa hatua fupi, na wimbo mzuri. Na Jumatatu tukirudi kazini, tulihesabu goti hilo hilo katika madai yetu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Umoja ni nguvu!